Yalla Kwenye Mizabibu

Madam wangu wa Al Rayyan, niliyemfanyia kazi za ndani, hakuwahi kuniita kwa jina. Ilikuwa yalla chai, yalla mtoto, yalla viatu. Nilikuwa mgeni Doha, Kiarabu sikijui hata cha kuombea maji, nikadhani Yalla ndilo jina alilonipa. Akisema "Yalla!" mimi naitika, "Abee!" Siku moja wageni wamejaa sebuleni, akaniita makusudi mara tatu. Nikaitika mara tatu, wakacheka hadi wakajifuta machozi. Dereva wake, Mkenya mwenzangu, ndiye aliyeniambia kwamba yalla ni "haya, fanya upesi". Nikaliweka moyoni.

Kiangazi kile alinichukua kwenda Ulaya likizoni nimlelee mtoto. Tukapanda njia ya miguu katikati ya mashamba ya mizabibu, zabibu zimening'inia huku na huku, mlima umesimama wima. Doha ni tambarare kama sinia, na madam alizoea gari na lifti. Mimi nimezaliwa vilima vya Taita. Mtoto mgongoni, chupa ya maji mkononi, nilimwacha madam mbali chini, ameinama kashika magoti. Wachumaji wa zabibu wakaacha kazi wakamtazama.

Nilipofika juu niligeuka, nikaita kwa sauti yangu yote:

"Yalla!"

Akainua uso unaotiririka jasho. Pumzi ya kunigombeza hakuwa nayo.

"Naam," akaitika.

Wachumaji wakaangua kicheko. Nikanywa maji taratibu, kisha nikamwita tena. Na tena.