Nilivyozuiwa kuingia kwa wapika sake Japani kisa kifungua kinywa

Wakuu, heshima kwenu. Hili lilinikuta mwenyewe, sikuhadithiwa, na sina sababu ya kutia chumvi.

Mimi ni mtu wa Kalemela, Busega. Miaka ile soko huria limeingia, wanunuzi binafsi wanagombania pamba hadi Bariadi, nilikuwa bwana shamba wa mpunga. (Simiyu haijawa mkoa bado, vijana msinibishie.) Nikachaguliwa kwenda training Japani.

Jumamosi moja wakatupeleka kuona wanavyopika sake, pombe yao ya mchele. Nilitegemea matangi na mabomba.

Kumbe ni nyumba kuukuu ya mbao, ukoo mmoja unapika humo tangu enzi za mababu.

Kabla ya kufika, asubuhi hiyo hatujala kitu, tulipita maduka ya vyakula ya mtaani. Mama mmoja anauza natto: soya zilizochachushwa, zinanuka soksi, zinavutika kama mlenda.

Wenzangu wakaziba pua. Mimi Msukuma nimekulia mlenda, nikapiga vibakuli vitatu. Mama wa watu akafurahi, akaniongeza cha nne.

Kiwandani tukapokewa na mpishi mkuu, mzee wa miaka kama sabini. Akatuvalisha makoti meupe, akatupeleka kwenye chumba wanachooteshea ukungu juu ya mchele.

Ndiyo wakuu, UKUNGU. Sisi tunaumwaga, wao ndiyo kimea chao!

Mkono wake ukiwa tayari mlangoni, mzee akageuka akauliza kitu. Mkalimani wetu, dada wa Kijapani aliyesomea Kiswahili, akatafsiri: "Kuna aliyekula natto leo?"

Dada akaeleza kwamba vijidudu vya natto ni vikali, vikiingia mle vinaua ule ukungu na pombe ya msimu mzima inaharibika.

Hakuna mwenzangu aliyenichongea, ningeweza kunyamaza tu.

Nikanyoosha mkono. "Mimi. Vibakuli vinne."

Mzee alinishika bega akanitoa mbio kama anafukuza ng'ombe shambani. Koti langu likaenda kufuliwa palepale. Nikabaki uani na baridi yangu, aibu tupu.

Baada ya kama saa nzima akanifuata na mkalimani. Akauliza kwa nini nilisema, maana wengine hunyamaza.

Nikajikuta natamka nililolificha miaka yote: mama yangu anapika pombe ya mtama. Ndiyo iliyonisomesha. Lakini sisi ni familia ya kanisa, shuleni kwenye kazi ya mama nilikuwa naandika "mkulima".

Nikamwambia kwamba mayu, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, hataki mtu aliyetoka kuparua samaki asogelee mtungi wake. Nilishachapwa kwa kosa hilo.

Mzee akasimama. Akavua kitambaa cha kichwani, akainama mpaka chini.

"Anamsalimia mama yako," dada akasema. "Anasema ni mwenzake wa kazi."

Wakuu, nilipigwa na butwaa. Mzee yule anamwinamia mama yangu wa Kalemela! Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Nilirudi na chupa moja, nikamsimulia mayu yote mbele ya wageni. Akanusa, akaonja.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "huyo mwenzangu kazi anaijua. Ila mwambie ni nyepesi mno."

Nilichojifunza: ukiingia kwenye kazi ya mtu uliza miiko yake, na ukikosea sema mapema. Na kazi iliyokulea usiifiche. Mimi mpaka nilipoona mgeni anaiheshimu ndipo nikaiheshimu, na hilo bado linaniuma.

Nani mwingine hapa aliwahi kuficha kazi ya mzazi wake? Karibuni, tusimulieni.