Wimbo wa Bibi, Jina la Mzungu

Mwezi uliopita, mwenzangu, nilialikwa kwenye ukumbi wa muziki hapa Maskati. Walikuwa wakimuenzi mtunzi mmoja wa Kiingereza aliyeishi kwetu miaka mingi, kisha akaenda kufia kwao. Msemaji alitueleza maisha yake: mtoto wa mpiga kinanda wa kanisani, simfonia za ujanani ambazo hakuna aliyetaka kuzisikia mara ya pili, halafu Oman, alikotunga kipande kilichompa jina. Okestra ikaanza kukipiga. Nikanyanyuka, nikatoka kabla hawajafika nusu.

Mtunzi huyo alikuwa jirani yetu mtaa wa Hail, ukuta kwa ukuta. Wazee wetu walikuwa wametoka Unguja, na ndani ya nyumba Kiswahili ndicho kilichotawala. Asubuhi uani kulinukia iliki na mandazi. Bibi alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi, sisi watoto tukimwibia machicha, na kutoka ng'ambo ya ukuta tukisikia piano ikigongwa sauti ile ile moja, kama mtu anayepigilia msumari usioingia.

Baba ndiye aliyemzoea, akawa anamkaribisha chakula cha mchana kila Ijumaa. Sisi watoto tulimwonea kinyaa. Shati lake lilijaa manyoya ya paka, na kijiko alichokwisha kukilamba alikirudisha kwenye bakuli la mchuzi wa watu wote. Bibi alitukanya kwa jicho. "Maskini, hana mtu," alisema, akimwongezea wali. Alipoomba kusikia nyimbo za harusi, bibi alimwimbia bila kinyongo, akipiga sinia kwa kijiko, kinasa sauti cha mgeni kikizunguka juu ya mkeka.

Wimbo mmoja tu ndio aliomnyima. Bibi alizaa mtoto wa kwanza wa kiume, akamzika Unguja kabla hajajua kutembea. Wimbo wa kumlazia aliutunga mwenyewe, na hata baada ya kumzika aliendelea kuuimba peke yake jikoni, akiosha vyombo. Mzungu aliusikia akiwa kwake, ng'ambo ya ukuta, akauomba.

"Ule si wa ngoma," bibi alimwambia baba. "Mwambie nnamwimbia mwanangu."

Baba akamfasiria. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa.

Ikapita miezi. Sikukuu ilipofika akaja na kaseti, sote tumekusanyika sebuleni, shangazi zangu wakigawa halwa na kahawa. Akaitia kwenye redio yetu, akafumba macho. Vilianza vinanda vya nyuzi, kisha ikaingia filimbi, na humo ndani ya filimbi ukatoka wimbo wa bibi, mzima, pamoja na ule mkato mdogo wa mwisho ambapo pumzi yake ilikuwa ikikwama. Hata ile pumzi alikuwa ameichukua.

Bibi aliweka kikombe chini. "Huo wa mwanangu."

Mzungu hakuelewa alichosema, lakini alifurahi kuona kwamba ameutambua. Akasimulia huku akicheka jinsi alivyokuwa akikificha kinasa sauti kwenye chungu cha maua juu ya ukuta, asubuhi baada ya asubuhi. Aliyasema hayo kama mtu anayesimulia ujanja wa utotoni. Kisha akamgeukia baba: "Mwambie nnashukuru. Amenipa zawadi kubwa."

"Sikumpa," alisema bibi, baba alipomfasiria.

Baba aliinamia zulia. Aliponyanyua uso, alisema kwa Kiingereza: "Anasema karibu sana."

Nilikuwa nimeshaanza Kiingereza shuleni. Nilielewa kila neno. Mzungu akaweka mkono kifuani, akachota halwa kwa vidole, akavilamba kimoja kimoja. Mpaka leo sijui ni nani aliyenichukiza zaidi pale, yeye au baba yangu.

Bibi hakugombana na mtu. Kesho yake alifunga dirisha la jikoni la upande ule, na tangu hapo hakuimba tena, si ule wimbo, si za harusi, hata binti zake walipoolewa. Ijumaa chakula cha jirani kilifunikwa kwenye sahani kikapelekwa. "Ale kwake," alisema. Baba hakuthubutu kuuliza sababu.

Nyumba zote mbili zimevunjwa sasa, pamesimama jengo la fleti. Nazi tunanunua ya pakiti. Bibi amelala makaburi ya huku, bahari nzima kati yake na mwanawe.

Nilipojifungua binti yangu nilitaka kumlaza kwa wimbo ule. Nikamweka begani, nikafungua mdomo, na kilichonijia ni filimbi na nyuzi za yule bwana. Maneno yamenitoka yote. Mzungu hakuyahitaji kwenye muziki wake, hivyo hayamo popote. Na jina la yule mtoto aliyezikwa Unguja lilikuwa ndani ya maneno hayo. Bibi hakuwahi kulitamka mahali pengine.