Bi Warni na Mkwe Aliyeuliza Mara Moja

Mgeni anayefika mji wetu wa Yogya kwa mara ya kwanza na kulala katika nyumba ya wageni ya Bi Warni hapewi ufunguo kabla hajapewa somo. Mimi nauza gudeg, fenesi bichi la kupikwa kwa nazi, kando ya lango lake miaka nenda miaka rudi, na somo hilo nimelisikia mpaka naliota. Viatu vinabaki mlangoni. Pokea na toa kwa mkono wa kulia. Ukimwelekeza mtu njia, tumia dole gumba, maana kidole cha shahada ni cha kugombana. Maji ya bomba usinywe. Koti la mvua tembea nalo hata jua likiwaka.

"Na lile tangi la maji bafuni, jamani, msiingie ndani!" huwaambia. "Chota kwa kata, ujimwagie. Kuna Mjerumani mmoja alijitumbukiza mzima na sabuni yake, akatoka anang'aa, sisi tukabaki na uchafu wetu."

Wageni hucheka, naye huwaletea chai ya sukari nyingi na kuwazuia mikono. Chai haiguswi mpaka mwenyeji aseme karibu. Ukikaribishwa chakula, kataa kidogo kwanza. Ukiulizwa tena, ndipo unyooshe mkono.

Lakini upande wa pili wa jambo hilo, kwamba na wewe ukikataliwa lazima uulize tena, hakuwahi kumfundisha mgeni yeyote. Nani angelifundisha? Ukishamwambia mtu akubembeleze, umekwisha kuomba, na Bi Warni kuomba hajui.

Mwanawe wa pekee, Endah, aliolewa Uholanzi. Mwaka juzi alikuja na mumewe, Joost, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, ili Endah aogeshwe maji ya maua kama wanavyoogeshwa wanawake wetu wote mimba ya kwanza ikifika miezi saba. Joost alikuwa mwanafunzi mzuri kupita wote. Alielekeza kwa dole gumba mpaka nikamwonea huruma. Alipita mbele ya wazee ameinama, na urefu ule, mgongo ukimuuma waziwazi.

Bi Warni alikuwa na jambo moja tu moyoni: awepo mjukuu akizaliwa. Amkande binti yake, amfunge tumbo, alizike kondo la nyuma kando ya nyumba na kuliwashia taa, kama mama yake alivyomfanyia yeye. Hakumwambia mtu ila mimi. Pasipoti alishaikata kimyakimya. Sweta zito la mtumba alishalinunua, akalijaribu jikoni kwangu huku jasho linamtiririka.

"Wakikualika, sema ndiyo," nilimwambia.

"Tum, wewe huna haya. Niseme ndiyo papo hapo, kama mtu aliyekuwa anavizia?"

"Si ndivyo unavyofanya? Unavizia!"

Akanipiga kwa kitambaa cha vyombo.

Siku moja kabla hawajaondoka, walikaa barazani wanakunywa chai, nami nakusanya sahani zangu. Joost aliweka glasi chini kwa mkono wa kulia.

"Mama," akasema, "tunataka uje kwetu mtoto akizaliwa. Tiketi juu yetu. Utakuja?"

Nilisimama na sahani mkononi. Bi Warni alicheka, akafunika mdomo.

"Ah, mwanangu, mnajisumbua bure. Huko baridi. Mimi mzee, nitawatia kazi tu. Na wageni hapa nimwachie nani?"

Mtoto yeyote wa mtaani kwetu angejua kwamba hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Ungesema, Mama, wageni atawaangalia Tum. Angesema, Tum ataunguza wali. Ungesema, basi aunguze, wewe unakuja. Hapo angeshusha pumzi na kusema, haya, kama mmeshikilia.

Joost aliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. "Sawa, Mama. Tunakuelewa. Hatutakulazimisha."

Nilimtazama Endah. Endah ni wetu, amezaliwa chumba kile cha nyuma. Lakini amekaa kule miaka mingi mpaka amejifunza kuamini maneno ya mtu kama yalivyosemwa. Aliinamisha uso, akalishika tumbo lake. Bi Warni akawaongezea chai. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Endah akapiga simu ya picha, na sote wawili tukasogeza nyuso kwenye kioo. Mtoto alikuwa amepakatwa na mama yake Joost, mwanamke mweupe mwenye mikono mikubwa, anamwimbia kitu.

"Na kondo mmelizika wapi?" Bi Warni akauliza.

Endah akajibu, "Mama, hospitali wamelitupa. Sikuwa na nguvu ya kuuliza."

Bi Warni akasema si kitu, akatabasamu mpaka mashavu yakatetemeka. Ndipo Endah akaanza kulia. "Nilikutaka wewe, Mama. Nilipiga kelele nikikuita. Kwa nini ulikataa?"

"Mliniuliza mara moja tu, mwanangu."

"Si ungesema tu ndiyo?" Akajifuta macho. "Basi njoo sasa. Njoo mwezi ujao."

Nikamfinya paja Bi Warni chini ya meza. Nilimfinya kwa kucha.

"Sasa mama mkwe wako yupo hapo," akasema kwa sauti tamu, "nyumba yenyewe ndogo. Pumzika kwanza, mwanangu. Usiniwaze mimi."

Endah akatazama pembeni kidogo, kisha akasema, "Haya, Mama," na picha ikazimika.

"Safari hii alitaka kweli," Bi Warni akaniambia. "Umeisikia sauti yake?"

"Nimeisikia! Mpigie sasa hivi, mwambie unakuja."

Akanitazama kama niliyemvua nguo sokoni.

"Nimpigie? Tum, nijialike mwenyewe nyumbani kwa watu?"

Niliisukuma simu mpaka ikamgusa mkono. Akauondoa mkono, akaubana mapajani pamoja na wa pili, akalia.