Githeri Imetununulia Tangi

Leo mama mkwe amekuja kuniomba maji! 😂

Ndiyo, huyo huyo aliyetangazia Gatitu nzima ati mimi ni mkono birika, nashindisha wajukuu wake na githeri, mahindi na maharagwe tu.

Ni kweli. Miezi minane, githeri Jumatatu mpaka Alhamisi. Pesa ya nyama ilikuwa inaingia kwa mkebe. Bwanangu alinuna, watoto wakanuna zaidi.

Jana pikapu ikatuletea tangi jipya. Usiku mvua ikanyesha, likajaa, na maji ya mfereji yamekatika mtaani tangu Jumapili.

Leo saa saba mchana hivi, hodi! Mama mkwe na mitungi miwili.

"Karibu Mama, chota. Lakini kwanza ukule."

"Mmepika nini?"

"Githeri."

Amemaliza sahani mbili.

Wenzangu wa mkono birika, mko wapi?