Nyumba ya Udongo Nyuma ya Misindano

Kila kipupwe, mvua zikishakatika na ukungu ukianza kulala juu ya mabonde ya Njombe mpaka jua liwe juu, udongo wa vinyungu hutoa harufu yake. Ni harufu nzito ya maji yaliyosimama na mizizi iliyooza, na ndani yake kuna ubaridi ambao pua yangu haijaukuta mahali pengine. Vinyungu ni zile bustani za bondeni ambako mama zetu walilima maharage na mahindi mabichi wakati kule mlimani kila kitu kimekauka. Mwaka ule nilipokuwa darasa la tatu, harufu hiyo ilipanda kutoka bondeni ikaingia darasani kwetu, ikakaa humo msimu mzima. Hadi leo nikipita karibu na shimo la mfinyanzi huwa nageuka nyuma, kana kwamba kuna mtu amesimama hapo.

Shule yetu ilikuwa upande wa kwenda Matembwe, juu ya kilima kilichozungukwa na misindano, ile mipaina ya mbao yenye majani kama sindano. Kabla ya mwaka ule tulifundishwa kwa namna moja tu: mwalimu aliandika ubaoni, akasoma, nasi tukarudia kwa sauti moja. Tuliweza kuimba maana ya kijiji na faida za mto bila hata kukumbuka kwamba mto huo tuliuvuka kila asubuhi tukiwa tumeshika viatu mkononi. Kisha akaja Mwalimu Tumaini, binti wa Makete aliyetoka chuoni moja kwa moja, mwenye sweta la kijani na Kiswahili kilichoteleza kwenda Kikinga kila alipochoka. Siku ya kwanza alituuliza kijiji chetu kina nini. Tukakaa kimya tukisubiri atuambie. Naye akasubiri. Kimya kilikuwa kirefu hadi wengine wakaanza kucheka kwa woga, maana hatukuwahi kumwona mwalimu anayeuliza jambo asilolijua.

Kesho yake alituchukua na ndoo zetu hadi bondeni, tukachota udongo, tukaumwaga ndani ya darasa, upande wa nyuma, mahali ambapo madawati yalikuwa hayatoshi kufika. Akatuambia tukijenge kijiji. Kila mmoja aanze na nyumba yake, kisha kile anachokijua. Yeye hatasema hili ni sahihi wala hili si sahihi. Tukibishana, tutoke tukaangalie. Na tulibishana kweli. Zabroni, mtoto wa mwenye duka, aliijenga nyumba ya baba yake ikawa kubwa kuliko kanisa, ikabidi twende tukapime zote mbili kwa hatua zetu, naye akarudi akaibomoa mwenyewe kwa uchungu, akaijenga upya ndogo. Mto wetu tuliuchimba ukapanda mlima, na hatukuliona kosa hilo mpaka mwalimu alipoleta kikombe cha maji akatuomba tuumiminie. Maji yalirudi yakafurika kanisani. Hakuna aliyetucheka. Tulikaa chini tukaanza kuulizana mlima uko wapi hasa.

Katika darasa letu kulikuwa na msichana aliyeitwa Rahabu. Alikuwa ameletwa kutoka Makambako mwanzoni mwa muhula na mwanamke mmoja aliyeshuka naye kwenye basi, akamkabidhi kwa bibi yake, kisha akarudi na basi lilelile. Tulijua tu kwamba wazazi wake walikuwa wamefariki na kwamba yule mwanamke, ndugu wa mbali, ndiye aliyemlea karibu na reli. Rahabu hakuwa mkali wala mwoga. Alikuwa kimya tu, kimya cha mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. Nyumba ya bibi yake ilikuwa imeshajengwa na mtoto wa jirani, kwa hiyo alibaki ameketi akitutazama. Siku moja akainuka, akachukua udongo wake, akaenda pembeni kabisa, ng'ambo ya korongo, mahali ambapo tulikuwa tumechomeka vijiti kuonyesha misindano. Akaanza kujenga nyumba.

Aliijenga mlango wake ukitazama bondeni, wakati nyumba zote kijijini kwetu hutazama barabara. Mbele ya mlango akaweka ngazi tatu za vijiwe. Kando akasimamisha tawi la mti, akalivunja sehemu moja likaning'inia. Kisha, kabla ya kuezeka, akafinyanga watu wanne wadogo, akawalaza ndani mmoja mmoja kwa uangalifu, kama mama anayelaza watoto, ndipo akafunika paa.

Zabroni alisema pale hakuna nyumba, pale ni msitu. Wengine wakanyamaza, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa sababu sote tulikuwa tumekatazwa kufika pale. Hatukuambiwa sababu. Tulijua tu kwamba wanaokata kuni walipazunguka, na kwamba ukipita alasiri utasikia mtu anakohoa kati ya miti. Mwalimu Tumaini aliuliza ni nani amewahi kufika. Hakuna aliyeinua mkono. Basi, akasema, hatujui bado.

Asubuhi iliyofuata ile nyumba ilikuwa imebomoka. Nyumba zetu zote zilisimama, ile tu ndiyo iliyopasuka na kuanguka, na wale watu wanne walikuwa wazi wakitazama dari. Rahabu aliijenga tena, ileile, ngazi zilezile. Kesho yake tukaikuta chini. Darasa lilifungwa kwa kufuli na ufunguo alilala nao Mwalimu Mkuu. Tulianza kukaa mbali na kona ile. Wasichana wawili walikataa kufagia. Kuna asubuhi nilifika wa kwanza, nikachungulia dirishani, nikaona ukungu umeingia ndani umelala juu ya kile kijiji chetu kidogo kama ulivyolala nje juu ya kijiji chenyewe, na sikuthubutu kuingia mpaka wenzangu walipofika.

Mwalimu hakutuambia tusiogope. Alituuliza tunadhani nini kinaibomoa, akasikiliza majibu yote, hata yale ya wafu. Kisha akauliza tungejuaje. Zabroni, ambaye tangu aibomoe nyumba ya baba yake alikuwa amebadilika, akasema tuhamishe. Rahabu akaijenga tena nyumba yake juu ya ubao, tukaibeba hadi katikati, na ile ya Zabroni tukaiweka kwenye kona. Asubuhi nyumba ya Zabroni ilikuwa imepasuka vipande na ya Rahabu ilikuwa nzima. Hapo ndipo mtu mmoja alipoinua macho akaona kioo cha dirisha kilichovunjika juu ya kona ile, na chini yake, kwenye udongo uliopasuka, weupe mwembamba wa sakitu, ile barafu ya alfajiri inayounguza viazi mashambani. Maji ndani ya udongo yalikuwa yanaganda na kuupasua. Tulilijua jambo hili bila kuambiwa na mtu, na nakumbuka joto lililonipanda kifuani, furaha ambayo sikuwahi kuipata darasani. Lakini furaha ile haikudumu, maana sasa hofu yetu ilikuwa imebaki na swali moja tu, nalo lilikuwa kubwa zaidi. Sakitu ilieleza kwa nini nyumba inaanguka. Haikueleza kwa nini ipo.

Nilimsimulia baba yangu jioni ile wakati wa kula. Aliacha tonge mkononi. Akaniuliza ni nani aliyewaambia habari za nyumba hiyo. Nikamjibu hakuna. Akaniuliza mlango unatazama wapi. Nilipomwambia unatazama bondeni, alirudisha tonge kwenye sahani akatoka nje, na mama akanionyesha kwa kichwa nisiongeze neno. Baada ya siku chache mwenyekiti wa kitongoji alikuja shuleni na wazee wawili, wakaingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na tulisikia kwamba kijiji cha udongo kiondolewe kabla ya Jumatatu. Mwalimu Tumaini alirudi darasani amekunja mikono ya sweta. Akatuambia tulikuwa na swali ambalo hatujalijibu, na kwamba asiyetaka kwenda anaweza kubaki. Hakuna aliyebaki. Nadhani kubaki peke yetu na ile nyumba kulitutisha zaidi.

Tulivuka korongo tukiwa tumeshikana mikono. Ndani ya misindano hakuna ndege, na majani yake yaliyoanguka hufunika ardhi kama godoro, kwa hiyo hatukusikia hata miguu yetu. Ukungu ulikuwa unapita kati ya miti. Nilisikiliza nisikie mtu akikohoa, na nilipomsikia niliubana mkono niliokuwa nimeushika, kisha nikagundua ni mwenzangu nyuma. Rahabu alikuwa mbele. Hakutafuta njia, alitembea tu. Miti ilipoachana kidogo tuliuona mti wa pichesi, mzee, hauna jani hata moja, umejaa maua ya waridi katika baridi ile, na tawi lake moja limevunjika linaning'inia. Rahabu akasukuma majani kwa mguu. Chini yake kulikuwa na jiwe, juu yake jiwe jingine, na jingine.

Alipanda zile ngazi bila kutazama miguu yake. Juu hapakuwa na kitu, ila ardhi tupu yenye mkaa mweusi uliochomoza hapa na pale. Akasimama katikati.

"Mama analala huku," alisema. "Kaka huku, na baba dirishani."

Nyuma yetu mtu alivuta pumzi. Alikuwa bibi yake. Alikuwa ametuona tukivuka korongo akatufuata na fimbo yake, na sasa alisimama ameshika shina la mti. Mwalimu Tumaini alimsalimu, "Kamwene, bibi," akaanza kuomba radhi, lakini bibi hakumtazama. Alimwuliza mjukuu wake ni nani aliyemwambia. Rahabu akasema hakuna. Bibi akasema, kwa sauti ya kujisemesha, kwamba mtoto huyu alitolewa hapa akiwa mgongoni, hajaweza hata kutambaa, na kwamba yule ndugu wa Makambako hajawahi kukanyaga mahali hapa. Kisha akatuonyesha kwa fimbo vilima vitatu vya makaburi chini ya majani, pembeni ya mti. Mwanawe, mkwewe na mjukuu wake wa kwanza. Waliugua mmoja baada ya mwingine katika miaka ile ambayo watu wa kwetu walikufa bila ugonjwa wao kutajwa jina. Walipokwisha, majirani waliichoma nyumba wakidhani wanauchoma ugonjwa, wakapanda misindano, wakakubaliana kusahau.

Mwalimu alivihesabu vile vilima. Akachuchumaa mbele ya Rahabu.

"Wewe ulilaza watu wanne," alimwambia taratibu. "Wa nne ni nani?"

"Ni mimi," Rahabu akasema.

Nilimwona bibi akikaa chini kwenye majani. Mwalimu naye hakumwambia mtoto kwamba amekosea, hakumwambia kwamba yuko hai. Alimwuliza swali. Alimwuliza, kama yeye amelala mle ndani, ni nani aliyeijenga ile nyumba? Rahabu aliwaza. Alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa bado na udongo kwenye kucha, akaitazama kwa muda kama anaona mikono ya mtu mwingine. Halafu akashuka ngazi, akaenda kukaa karibu na bibi yake, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu tumjue.

Tuliporudi darasani Rahabu aliinua paa la nyumba yake, ambayo tulikuwa tumeirudisha kwenye kona yake, akamtoa mmoja wa wale watu, akambeba ng'ambo ya korongo hadi nyumba ya bibi yake, akamsimamisha mlangoni. Jumatatu tulikibeba kijiji chetu nje kwa ndoo, kama tulivyoamriwa. Jioni hiyo baba aliniita karibu na moto. "Tuliogopa, mwanangu," alisema tu. Lakini kabla ya mwezi kwisha yeye na wanaume wengine walikwenda na majembe wakasafisha makaburi yale, na mchungaji akaombea. Mwalimu Tumaini alihamishwa mwisho wa mwaka. Sijui alikokwenda.

Sasa mimi ni mwalimu Makambako. Huwa naketi kwenye semina ambako tunaelezwa kwamba mtoto haji shuleni akiwa mtupu, kwamba hujenga maarifa mwenyewe kwa kuunganisha jipya na lile alilokuja nalo, na kazi ya mwalimu ni kuuliza. Wenzangu huandika. Naamini kila neno, na nafanya hivyo na watoto wangu, ingawa ni wengi na chumba ni kidogo. Ila hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mtoto anaweza kuja na jambo ambalo hakulipata popote. Misindano ile imeshavunwa, na pale pamepandwa maparachichi. Nikiwauliza watoto wa kijijini kwetu zamani palikuwa na nini, wanajibu palikuwa na miti.

Rahabu anaishi hapahapa mjini, ana mume na watoto, anauza vitambaa sokoni. Juzi nilikwenda kwake, na kwa mara ya kwanza tuliyazungumza mambo yale. Akaniambia nyumba ile haikumbuki kabisa. Hakumbuki kuijua. Anachokumbuka ni kuijenga tu, na sisi tukiwa tumemzunguka tukitazama.

"Wewe ulikuwepo," aliniambia. "Kweli niliijua, au tuliitengeneza wote pamoja?"

Mimi ninayelipwa kwa kuuliza maswali nilikiweka chini kikombe cha chai. Nilitaka kumweleza jinsi alivyopanda ngazi bila kutazama miguu. Lakini binti yake mdogo alikuwa ameketi sakafuni karibu nasi, ameacha kucheza, anasikiliza, na nikaogopa atakachoanza kujenga kwa maneno yangu.