Nilishangilia ushuru wa mpakani, ukamwangukia mama aliyekuwa akinilisha

Wakuu, nawasalimu nyote. Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za kuhangaika.

Humu ndani mimi ni msomaji wa miaka, sijawahi kufungua uzi. Leo nimefungua kwa hasira. Sitaongeza chumvi, maana hata chumvi imepanda. Na sehemu kubwa ya haya ninayoandika inaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo mjue sijayatunga kujipamba.

Kilichonitoa pangoni ni ule uzi wa jana wa ushuru wa mipakani. Mtu yuko zake mjini, hajawahi hata kuona mpaka, anaandika "wakaze hapohapo, majirani wametuzoea." Chini yake watu mia wanapiga makofi.

Na mimi nilipiga makofi hayohayo. Zaidi ya makofi. Ngoja niwaambie yalinifikisha wapi.

Mimi ni Msubi wa Biharamulo, nimeolewa Ngara, upande wa Kabanga, karibu kabisa na Burundi. Form four nilimaliza, division ya kusukuma. Nina watoto wawili, mdogo bado yuko mgongoni. Nina kibanda cha chakula: ugali wa muhogo, maharage na kisamvu. Wateja wangu ni bodaboda, madereva wa malori na walimu wawili wa kulipa mwisho wa mwezi.

Siri ya kibanda changu ni mawese. Maharage bila mawese kwa watu wa huku ni adhabu.

Mawese alikuwa ananiletea mama mmoja wa ng'ambo, anaitwa Goreth. Amekulia kambi ya Lukole, hukuhuku Ngara, enzi za wakimbizi, Kiswahili chake kinanizidi hata mimi. Wao waliporudi kwao, aliendelea kuja sokoni kwetu. Kwanza alikuwa akifanya biashara na mama mkwe wangu, mimi nikamrithi.

Sasa sikilizeni tulivyokuwa tunafanya, maana hapa ndipo mkasa ulipo.

Hatukuuziana. Tulibadilishana.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya soko, Goreth anakuja na madumu ya mawese ya lita tano tano. Mimi nakuja na udaga, yaani muhogo uliolowekwa ukakaushwa. Dumu moja kwa debe mbili. Debe inajazwa mpaka juu, inatikiswa, inajazwa tena. Faranga zao zikishuka, shilingi yetu ikipanda, sisi hayatuhusu. Tumbo la kwake linataka udaga, sufuria yangu inataka mawese. Kwisha.

Akina mama wengi wa huku tunaishi hivyo. Anayekwambia biashara ni pesa tu hajakaa mpakani.

Kisha ng'ambo wakaanza kutoza udaga unaoingia kwao. Goreth akaniambia, "Mama Prisca, siku hizi nikivuka na udaga wako naacha kitu pale." Akaniomba dumu moja liwe debe mbili na nusu, ili aweze kufidia.

Nikakataa, nikakasirika. Sikumkasirikia yeye, niliikasirikia serikali yao. Ndivyo nilivyojidanganya wakati ule.

Uchaguzi ukafika. Mgombea udiwani wetu akaja na gari la matangazo, spika kubwa kuliko nyumba yangu. Akasema majirani wanatunyonya, wanatoza mazao ya mkulima wa Ngara halafu ya kwao yanaingia bure. Akauliza nani ana uchungu aseme.

Wakuu, mimi mdomo wangu haujawahi kunisubiri. Nikapanda. Nikashika maiki nikasema:

"Wao wanatutoza! Na sisi tuwatoze mpaka wajue Ngara kuna watu!"

Uwanja ulilipuka. Nikapiga vigelegele hadi koo likauma. Watu walinirekodi, nikawa kwenye status za wilaya nzima. Kwa wiki mbili bodaboda walikuwa wakipita kibandani wanapaza sauti, "Ngara kuna watu!" Nami najibu, "Wapo!" Nilijiona mbunge.

Najua, diwani hapangi ushuru wa forodha. Shuleni nilijibu swali la Jumuiya ya Afrika Mashariki na soko la pamoja nikapata alama zote. Lakini kwenye mkutano akili ya darasani huwa tunaiacha nyumbani. Tena wagombea wote wa mpakani walikuwa wakiimba wimbo huohuo, mpaka ukasikika huko juu wanakopanga.

Jamaa akapita. Na baada ya muda tozo ikaja kweli. Bidhaa za ng'ambo zikaanza kulipiwa pale Kabanga, hata mzigo wa kichwani.

Siku hiyo nipo sokoni na udaga wangu, nikasikia naitwa: "Mama Prisca, mtu wako amezuiwa."

Nikakimbia. Nikamkuta Goreth dirishani, madumu manne miguuni. Afisa ni kijana mpole, naomba nisimsingizie.

"Bei ya kununulia ni kiasi gani?" akaniuliza.

"Hatununui, kaka. Tunabadilishana."

"Na nini?"

"Udaga."

"Dada yangu, kwenye kompyuta niandike udaga?"

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Andika, mwanangu, halafu na ushuru wapokee kwa debe!"

Hata yule afisa alitabasamu. Lakini kompyuta haina mahali pa kuandika debe. Ina mahali pa bei. Akaweka bei ya dukani, ambayo sisi wawili hatujawahi kuuziana hata siku moja, na juu ya bei hiyo akakokotoa tozo. Tukakung'uta vitambaa vyetu vya kufungia pesa, yeye na mimi. Haikufika nusu. Watu tunaobadilishana tunatembea na pesa za nini?

Nikaanza kutukana. Serikali, mpaka, kompyuta, wote niliwagawia.

Goreth akanishika mkono. "Usimtukane kijana wa watu, Mama Prisca. Si wewe uliomba?"

"Niliomba wapi?" nikamuuliza.

"Nilikuona kwenye simu," akasema. "Jirani yangu aliniletea, akaniuliza, huyu si rafiki yako? Nikamwambia ego, ndiyo, ni yeye. Ulipendeza. Ulivaa kile kitenge nilichokuletea ulipojifungua."

Wakuu, kuna maneno bora upigwe kofi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akajibu taratibu tu, kama anayeeleza njia:

"Ningesema nini? Nilijua una hasira na tozo. Sikujua tozo ni mimi."

Nikamwomba yule kijana samahani. Mimi, mwenye mdomo huu.

Na hapo ndipo nilipoelewa. Ile tozo ya kwanza, ya ng'ambo, iliyonifanya nipande jukwaani, alikuwa akiilipa nani? Goreth. Serikali ya kwao haikuwahi kunigusa mimi hata senti. Yeye alikuwa akitozwa akirudi na udaga wangu. Mimi nikaomba atozwe na akija. Nikapigiwa makofi.

Wakati bado tumesimama pale, akatokea mfanyabiashara mmoja mkubwa wa huku, mwenye wakala wake wa forodha na makaratasi yote. Akamwambia Goreth, "Mama, utarudi nayo milimani? Niachie." Akamtajia bei ya kutupa. Goreth akakubali, maana kurudi na madumu manne kichwani na kwa baiskeli ya kukodi nako ni gharama.

Udaga wangu hakuuchukua. Angetozwa tena kwao, na pesa aliyopewa isingetosha. Akaniaga vizuri kabisa, akamshika mtoto wangu shavu, akaondoka.

Hajarudi. Namba yake ya kwao haipatikani.

Siku chache baadaye mawese yakaniishia, nikaenda dukani. Nikakuta dumu la njano, mdomo umefungwa kwa kipande cha kitenge cha bluu kama Goreth anavyofungaga. Ni lilelile. Wakuu, nilinunua mawese ya Goreth, kwa bei ambayo Goreth hakuiona hata kwa ndoto.

Na huyo mfanyabiashara ndiye aliyetoa lile gari la matangazo wakati wa kampeni. Sisemi wamekula njama. Nasema nilichokiona kwa macho yangu mawili.

Kibandani nikapunguza mawese. Siku ya pili tu dereva mmoja akainua kijiko akasema, "Mama Prisca, haya maharage mbona yamepauka kama goti la mwanafunzi?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikapandisha bei ya sahani, walimu wakaanza kuja na chakula kwenye hotpoti. Hao wateja hawakuvusha dumu hata moja mpakani. Lakini tozo waliilipa sahani kwa sahani.

Nikamfuata diwani. Akaniambia hayo mambo yako juu ya uwezo wake, niandike barua.

Sikuandika. Nilingoja mkutano wa mrejesho.

Siku hiyo akasimama uwanjani akasema ushuru umewanyoosha majirani, sasa mkulima wa Ngara anapumua. Halafu, kwa kujiamini kwake, akasema, "Yuko wapi yule mama wa 'Ngara kuna watu'? Aje atuchangamshe!"

Nikapanda na mtoto mgongoni.

Nikasema: "Mlinishangilia nilipoomba watozwe. Nimekuja kuwaambia niliomba ujinga. Aliyetozwa si Burundi, ni Goreth, mnamjua, wengine mmekula mawese yake miaka kumi. Na sasa tunatozwa sisi dukani. Mkulima gani anapumua? Udaga wangu upo nyumbani unaliwa na fukusi, aliyekuwa akiuchukua tumemfukuza."

Mara sauti ya mwanaume ikatoka nyuma: "Huyo naye arudi kwao Burundi!"

Kwa msioujua mkoa wetu, hiyo kauli si utani. Mpakani ukitaka kumnyamazisha mtu unamwambia si raia. Nimeona watu wakihangaishwa na vyeti vya mababu kwa neno kama hilo. Niliwaza watoto.

Lakini nikajibu, "Kwetu ni Biharamulo. Unanipa nauli wewe?"

Wakacheka, hewa ikarudi kidogo. Diwani akasogea kuchukua maiki.

"Dada, hayo ni mambo ya kitaifa, yana wataalamu wake."

"Wakati wa kura hayakuwa na wataalamu," nikamwambia. "Alitosha mama muuza maharage."

Spika ikazimwa. Wakasema ni betri.

Tukarudi nyumbani na mama mkwe wangu. Yeye si mtu wa maneno. Tulipofika kwenye kona ya kwetu ndipo akasema, "Umesema vizuri, mwanangu. Umechelewa tu."

Sasa wakuu, nilichojifunza ni hiki, na sikukipata darasani.

Ushuru wa kukomoana haujui kuvuka mpaka uende kumtafuta rais wa jirani nyumbani kwake. Unamshika aliye karibu na dirisha, na huyo mara nyingi ni mama mwenye mzigo kichwani. Halafu unarudi kinyumenyume mpaka kwenye sahani yako. Mwanasiasa anajua hilo. Lakini pia anajua kuwa "tuwakomeshe" inapigiwa vigelegele kuliko "tukae nao mezani." Na vigelegele vile ni vyetu. Mimi vyangu vilirekodiwa.

Sipingi serikali kukusanya kodi, barabara hazijichongi. Napinga kushangilia kabla hujauliza nani atalipa.

Mlioko Tunduma, Namanga, Mutukula, Sirari, kwenu hali ikoje? Mzigo mdogo wa kubadilishana mnauvushaje kihalali? Nimesikia kuna cheti cha wafanyabiashara wadogo kinachoonyesha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya. Aliyewahi kukipata anieleze hatua kwa hatua, na aniambie bei inaandikwaje wakati hakuna aliyenunua. Waliokuja kutukana nao karibuni, nimeshazoea.

Na kama humu yupo mtu wa kule ng'ambo, Kobero au Muyinga, naomba hisani moja. Ile klipu yangu ya kwanza ilifika mpaka kwake bila nauli. Siku niliyoyakana maneno yale hakuna mtu aliyetoa simu mfukoni. Ukikutana na mama mrefu anaitwa Goreth, aliyekulia Lukole, anayefunga madumu yake kwa kitenge, msomee huu uzi. Kiswahili anakijua, hatahitaji mkalimani.

Mwambie nauliza hali yake kwanza. Biashara tutaongea akipenda.