Siku Honi Ilipommeza Dada Yangu

Mwezi uliopita nilipanda Chome kwa ajili ya kipaimara cha kitukuu changu. Ibada ilipoelekea mwisho nikatoka, maana magoti yangu siku hizi hayasubiri baraka, nikazunguka nyuma ya kanisa kutafuta pa kukaa. Huko, kati ya mabati yaliyokatika na meza isiyo na miguu, nikaikuta honi yetu. Ile spika ya zamani ya bati, yenye mdomo mpana kama ua la boga. Kuku amelala ndani, anaatamia. Vijana waliokuwa wakishusha spika zao mpya nyeusi wakaniamkia, kisha mmoja akauliza, "Bibi, unalijua hilo dude?" Nikamwambia nalijua. Sikuongeza neno. Nakuongezea wewe.

Nilikuwa na miaka tisa, au kumi. Kanisa lilikuwa na honi hiyo moja, imefungwa juu ya mkaratusi, inakula betri ya gari iliyoletwa na lori kutoka Same. Misiba ilitoka humo, siku za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji kizima, zikatoka humo, na zamu za kufungulia maji ya ndiva, lile bwawa la mifereji yetu. Uko shambani unapalilia tangawizi, vidole vinanukia, mara unamsikia mzee wa kanisa anakohoa kwanza, halafu anataja watu. Zamu ya Jumatatu naikumbuka mpaka leo: Sefania, Elieza, Mama Namkunda, Yohana wa juu, Yohana wa chini.

Lakini honi ile iliwapenda wanaume. Sauti nene ilivuka bonde ikafika ng'ambo bila shida. Sauti za wanawake na watoto zilifia njiani. Kwaya ikiimba, ng'ambo walipata mvumo tu, kama nyuki ndani ya mzinga. Baba mdogo, aliyejifunza ufundi wa redio huko bondeni kwenye mashamba ya mkonge, hilo lilimkera kama jiwe kwenye kiatu. Akaomba ruhusa aishushe kabla ya sikukuu ya mavuno.

Wiki nzima alikaa nayo uani kwetu. Kooni alikuta nyigu wamejenga kwa udongo, akautoa kwa kijiti. Kikombe cha nyuma chenye sumaku kilikuwa kinavuja upepo, akaziba kwa nta. Akakata kipande cha mfuniko wa sufuria, akakichonga kikawa kama kofia ndogo yenye ncha, akasema hicho kitakaa mlangoni ili sauti nyembamba zisigongane kabla hazijatoka. Mimi nilimshikia misumari. Alinifundisha kwamba sauti nene husambaa kama moshi, nyembamba huenda kama jiwe la kombeo, kwa hiyo honi atailenga moja kwa moja kwenye nyumba ya bibi.

Bibi yetu, mama yake baba, aliishi ng'ambo na miguu ilikuwa imekwisha. Ujana wake alikuwa ndiye anayeanzisha nyimbo za msaragambo. Akiimba upande ule, walioko upande huu walishika majembe. Sauti hiyo ilimruka baba ikamwangukia dada yangu, Nakijwa, na mwaka ule Nakijwa alipewa beti la kuimba peke yake siku ya mavuno. Nyumbani kwa bibi alishaimba mara nyingi, karibu na moto. Bibi hakutaka hiyo. Alisema, "Ya hapa naijua. Nataka niisikie inavuka." Nakijwa alikuwa na miaka kumi na sita, na hakulala vizuri tangu siku aliyoambiwa hivyo.

Sasa elewa kwamba nyumba yetu ndiyo iliyotunza ngoma ya msaragambo, na kuitunza ilikuwa kazi yangu. Kila Jumamosi nilichota mafuta ya kondoo kwa kidole, nikaipaka ngozi mpaka ikalainika, kisha nikaisogeza kwenye makaa ikakaza. Ngoma isiyopakwa hukohoa, kila mtu kwetu anajua. Jumamosi ile baba mdogo alikwenda kufuata betri, akaacha kikombe wazi juu ya gunia. Ndani niliuona utando unaotoa sauti, mwembamba kama ganda la kitunguu, mkavu kabisa. Nikamhurumia Nakijwa. Nikaupaka mafuta, taratibu, mara mbili, nikausogeza kwenye makaa kidogo, nikaurudisha. Baba mdogo alirudi mvua imeshaanza kudondoka, akafunga skrubu haraka bila kutazama, akaenda kuipandisha mtini.

Kesho yake nilitumwa kukaa na bibi. Makande yalikuwa jikoni, yananukia maziwa, na bibi amefunga kitambaa cheupe kana kwamba yuko kanisani. Mzee wa kanisa akakohoa, tukamsikia. Mchungaji akasoma, tukamsikia, ingawa kwa uzito, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Halafu kimya. Halafu mvumo mdogo, unapanda na kushuka.

"Hajaanza?" bibi akauliza.

Nilijua ule mvumo ni nani. Nikamwambia bado.

Beti likaisha, wanaume wakaingia na besi, na bibi akafungua kile kitambaa, akakikunja kidogo kidogo mpaka kikawa kama kipande cha sabuni.

Nakijwa alikuja mbio, viatu mkononi, hata salamu hakutoa. "Bibi, nilivuka?"

Bibi hakuwa mtu wa kudanganya. "Nimewapata wanaume, mjukuu wangu. Wewe sikukupata."

Dada akanitazama mimi. Mimi nikatazama chungu.

Huko kanisani mzee wa kanisa alikwishasema kwamba honi ni chombo cha matangazo na misiba, si cha vilio vya mbuzi, na watu wakacheka. Vijana kisimani wakamwita Nakijwa wa Blanketi. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyepewa beti mbele ya kile kipaza sauti, miaka mingi.

Baba mdogo aliishusha honi Jumatano. Alipofungua kikombe alipitisha kidole kwenye utando, akakinusa. Akaniita nimshikie chupa ya spiriti. Kwa muda wa kuchemsha chai alikuwa ameshaufuta ule utando, akaujaribu kwa redio yake, na mama mmoja akaimba humo hadi mbwa wa ng'ambo wakabweka. Ilikuwa safi hivyo.

"Ngoma hupakwa," akasema, bila kunitazama. "Hii haipakwi, ikilemewa na mafuta inaua sauti nyembamba. Mwambie dada yako leo, kabla hajaliamini lile neno la mzee wa kanisa."

Nikaitikia. Sikumwambia. Niliogopa fimbo, na kesho yake niliogopa macho ya dada, na baada ya hapo ilikuwa rahisi zaidi kunyamaza. Baba mdogo mwenyewe alimwambia kosa ni la honi, lakini hakunitaja, na Nakijwa akadhani anabembelezwa. Bibi alimwomba amwimbie pale motoni, kama zamani. Akasema kifua kinambana. Bibi alikufa mvua za vuli hazijafika, na kwaya ikaimba mazishini bila dada yangu.

Aliolewa Kwakoa, kule tambarare. Nilikwenda kumtembelea wakati binti yake ana umri kama wa mama yake mwaka ule wa beti. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Mtoto akamwomba mama yake ruhusa ya kujiunga na kwaya, mwalimu amemsikia, amempenda. Nakijwa hakuinua uso. "Sisi wa kwetu sauti zetu haziendi mbali," akasema. "Muulize mama yako mdogo, alikuwepo."

Mtoto akanigeukia. Kunde zilikuwa jikoni zinakaribia kuungua, nikasema nakwenda kuzitazama. Nikazitazama mpaka mtoto alipokwenda zake.

Nakijwa tumemzika. Honi kama zile hakuna tena, mkaratusi ulikatwa, zamu za ndiva siku hizi hutumwa kwenye simu. Hayo siyalilii. Ninachokitafuta ni ile sauti, maana haikunaswa popote. Walioijua nimewataja mmoja mmoja kichwani: Namkunda, Eliwaza, Nietiwe, Nafika. Wote wametangulia. Nimebaki mimi, naisikia vizuri kabisa, na nikifungua mdomo ili niwaonyeshe wajukuu ilivyokuwa, inatoka ya kwangu.